Je, Ahadi ya Wazazi Huwafunga Watoto?

Wazazi wakiweka ahadi njema, je, watoto wao wamefungwa nayo? Tulipime swali hili kwa habari ya kijiji kimoja kidogo cha Marekani.

Mwaka 1817 Wakristo wapatao 200 walihama Württemberg, katika Ujerumani, kwa kuwa dhamiri zao ziliwakataza kulitii kanisa la serikali na kushika silaha. Chini ya uongozi wa Joseph Bimeler walifika Ohio, wakajenga kijiji, wakakiita Zoar, kwa jina la mji ule aliokimbilia Lutu. Hapo kwanza kila mtu alikusudia kuwa na shamba lake. Walakini ardhi ilikuwa ya deni, na wazee na mafukara hawakuweza kulipa. Basi mwaka 1819 wakatia sahihi mkataba kwamba mali yote iwe ya wote. Wanawake nao walitia sahihi, wakawa na haki ya kupiga kura. Katika miaka ya 1820 walichimba sehemu ya mfereji wa Ohio na Erie, na kwa ujira huo wakapunguza mzigo wa deni lao.

Mchumia juani hulia kivulini. Bimeler alikufa mwaka 1853. Wajukuu walikulia kivulini. Dhiki ya mwanzo waliisikia katika masimulizi tu. Mwaka 1898 walikubaliana kugawana mali, kila mtu akashika chake. Leo baadhi ya nyumba za Zoar zimehifadhiwa, na wageni huenda kuzitazama.

Wako watakaosema kwamba wajukuu wale waliwasaliti wazee wao. Mimi sikubali upesi. Wazee wenyewe waliliacha kanisa la baba zao kwa ajili ya dhamiri. Wangewezaje kuwanyima wajukuu uhuru ule ule? Ahadi ya mtu mwingine haiwezi kuwa ahadi yangu mpaka niitie sahihi kwa moyo wangu.

Lakini tusiishie hapo. Mkataba wa 1819 ulifanywa kwa ajili ya mzee asiyeweza kulima na fukara asiyeweza kulipa. Mkataba huweza kufutwa kwa siku moja. Mzee na fukara hawafutiki. Kwa hiyo, kijana, ukiona desturi ya wazee wako imekuchosha, una haki ya kuipima, hata kuiacha. Walakini kwanza uliza ilimlinda nani, kisha ujibu: kesho atalindwa na nani?