Kumwita Nyama kwa Sauti ya Kilio: Je, ni Uongo?

Dubu hayuko katika misitu yetu, lakini kila mwindaji wa mboloko ataelewa mara moja shauri hili. Yeye hujificha nyuma ya shina, hubana pua, hulia kama mboloko, na nyama huja mwenyewe. Kule Alaska, katika Marekani, wawindaji humwita dubu mweusi vivyo hivyo. Hupuliza filimbi ndogo iliayo kama mtoto wa kulungu aliyeshikwa. Nguvu kubwa ya dubu ni pua yake. Kwa hiyo mwindaji hukaa upepo ukimpiga usoni, mgongo wake kwenye mti mkubwa, wala hatikisiki. Filimbi haipumziki sana, maana sauti ikinyamaza dubu huacha safari yake. Wengine huenda wawili wawili, migongo ikigusana: anayekuja anakuja kula, na chakula anachotafuta kinalia mdomoni mwako!

Je, huo si uongo? Kujificha hakunisumbui. Hakuna aliyeahidi kuonekana. Chui naye hujificha, na Yoshua aliweka waviziaji nyuma ya mji wa Ai kwa amri ya Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitumia mfano huo kuonyesha kwamba kuvizia vitani si haramu. Sauti ndilo shauri gumu. Lakini uongo, kama tulivyofundishwa, ni neno ambalo mtu humwambia mwenzake kinyume cha anachokijua. Dubu si jirani anayetudai kweli. Basi anayempulizia filimbi ili wanawe wapate nyama si mwongo, na padri wake asimsumbue kwa hilo.

Iko filimbi nyingine, iliayo kama mtoto wa dubu. Ile ya kulungu humvuta dubu kwa tumbo. Hii humvuta mama kwa uchungu wa kuzaa. Mwindaji atajibu: mimi namwita dume, kwa kuwa madume huua watoto wa dubu. Ni kweli, huua. Lakini filimbi haichagui masikio. Mtoto hukaa na mama yake karibu mwaka mmoja na nusu. Akiachwa angali mchanga, hafiki mbali. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, lilimkataza Mwisraeli kumtwaa ndege pamoja na makinda yake. Na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2418, yasema kwamba kutesa na kuua wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu. Angalieni vizuri: heshima ya mtu!

Sheria ya Alaska, katika sehemu nyingi, inakataza kumpiga jike mwenye watoto. Basi aliyeita kwa sauti ile, mama akaja mbio na wanawe nyuma yake, hana la kufanya ila kushusha bunduki, kunyamaza kimya, na kumtazama akizunguka miti, akimtafuta mtoto anayelia asiyekuwapo.