Je, mwenye afya anadaiwa na mgonjwa?



Mwinjili Marko anapotusimulia habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, hataji jina lake wala ukoo wake, lakini anataja mali yake. Anatuambia kwamba mama huyo alikuwa amekwisha kumaliza kila kitu kwa waganga, na hali ilizidi kuharibika. Sisi wahubiri tunapenda kukimbilia pindo la vazi, tukaruka habari ya mali. Lakini watu wa makazini wanamjua mama huyu. Ndiye anayeuza mahindi ya mgao ili anunue dawa iliyokwisha kwenye kituo cha afya. Kisha anauza mbuzi, kisha bati, kisha anakodisha shamba lake kwa jirani kwa msimu mzima, na mgonjwa bado amelala palepale. Na Mei 2025, Shirika la Chakula Duniani lilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa hapa Uganda kwenye mgao, wengi walibaki bila hata hayo mahindi ya kuuza.

Mtu atasema: lakini hapa matibabu ni bure. Ni kweli kwamba serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake mwaka 2001, nasi tunatibiwa humo pamoja na wenyeji wetu, na tunamshukuru Mungu kwa ukarimu huo. Ila bure ya kwenye karatasi na bure ya mkononi ni vitu viwili. Mganga anapima, anaandika, dawa haipo, unaelekezwa dukani. Ukipewa rufaa ya mjini, kuna nauli, kuna chakula cha muuguzaji, kuna watoto walioachwa kwa jirani. Familia haianguki kwa sababu ya kitanda cha hospitali peke yake.

Tulikotoka hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za Burundi, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi, kwa kuwa walishindwa kulipa. Kati yao walikuwako akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mtoto anazaliwa, na siku hiyohiyo anakuwa rehani. Ni vema pia kusema kwamba mwezi wa Mei mwaka huohuo serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa akina mama wanaojifungua na watoto wasiotimiza miaka mitano. Ndugu zetu wa Kongo nao hawahitaji kufundishwa habari za wodi ya wazazi ambayo mlango wake hufunguliwa kwa risiti.

Basi swali letu ni hili: ugonjwa ni wa nani? Ukiwa ni wa mgonjwa peke yake, basi anayemsaidia anatoa zawadi, na asiyemsaidia hana kosa. Ukiwa ni wetu sote, basi mwenye afya ana deni, hata kama hajaumwa kichwa tangu Pasaka.

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Wagalatia, anaonekana kusema yote mawili. Anatuagiza tubebeane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atabeba wake. Wengine hutumia mstari mmoja kumpiga nao mwenzao mwenye mstari wa pili. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba Kiyunani kina maneno mawili pale. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu mpaka anapiga magoti. La pili ni furushi la kawaida la msafiri. Wakimbizi tunaijua tofauti hiyo miguuni mwetu: kuna furushi ulilovuka nalo mpaka, na kuna mzee aliyeshindwa kutembea, ambaye ilibidi vijana wanne wapokezane kumbeba.

Kwetu sisi hapo ndipo penye msingi wa bima yoyote ya afya. Vidonge vya maumivu ya kichwa ni furushi. Kila nyumba inunue vyake. Upasuaji, mfupa uliovunjika, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, huo ni uzito wa kubebwa na wengi. Na hakuna ajuaye zamu ya nani ni lini. Yusufu kule Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno wakati ghala zimejaa, wala hatusomi popote kwamba alihesabiwa kukosa imani. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaofundisha kwamba kuchangia ugonjwa ambao haujaja ni kuualika. (Baadhi yao wanauza mafuta ya upako kwa bei inayozidi ya dawa ya malaria, lakini hayo tuyaache.)

Sasa tuje kwenye mfuko wa wagonjwa wa kanisa letu, ambako ubishi uko. Tuseme nyumba 60 zinatoa shilingi 2,000 kila mwezi. Hiyo ni 120,000. Rufaa moja yenye upasuaji inaweza kuimaliza yote na kudai zaidi. Ilipotokea kwamba nyumba ambayo haijawahi kuchanga imepata mgonjwa wa namna hiyo, ndugu mmoja alisimama na mfano wa wanawali kumi: wenye mafuta hawakuwagawia wasio nayo. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kama anayechanga na asiyechanga wanapata sawasawa, mwakani nani atachanga? Kila mtu atangoja augue ndipo ajiunge, na mfuko utakuwa wa wagonjwa watupu.

Hata hivyo hatukubaliani naye. Wanawali wale wanatufundisha kumngojea Bwana arusi. Hatukupewa tuwe kipimo cha kumwacha mtu atokwe damu. Msamaria alimlipia mtu ambaye hakuwa na kadi yoyote, tena alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Tunaona njia iko katikati: mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, kwa mkopo usio na riba, kisha nyumba yake iingie kwenye mfuko. Na anayejiunga akiwa mzima angoje miezi mitatu kabla ya kupata haki kamili. Hapo huruma inabaki na mfuko unabaki.

Kiasi cha mchango nacho ni jambo la haki. Rwanda wanajulikana kwa mituweli yao, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999. Kwa miaka kadhaa kila mtu alitoa faranga 1,000, tajiri na maskini. Tangu 2011 wakabadili: wenye uwezo walitoa 7,000, walio wengi 3,000, na maskini kabisa walilipiwa 2,000 zao. Yesu alipokaa mbele ya sanduku la hazina aliona kwamba senti za mjane zilikuwa nzito kuliko fedha za matajiri. Kiasi kimoja kwa wote kinapendeza machoni, lakini hakilingani mabegani.

Tusijidanganye, mfuko wa nyumba 60 hauwezi kuwa bima. Mvua zikija na malaria ikapiga nyumba 20 kwa pamoja, sanduku linakauka. Ndiyo sababu jambo hili ni la taifa zima. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya afya mwezi wa Machi 2021, lakini Rais hakuutia sahihi. Na wengine huuliza kwa aibu kama mkimbizi ana haki ya kuingia katika mfuko wa wenyeji. Rwanda ilianza kuwaingiza wakimbizi wa mijini katika mituweli mwaka 2019. Nasi tunalima hapa, tunauza hapa, na ndani ya sabuni na vocha ya simu tunazonunua mna kodi. Tukiingia, tungeingia kama wachangiaji.

Kwa sasa tunalo hili sanduku letu dogo, na tumechukua funzo moja kutoka nyumbani. Mwaka 1986, nchi ikiitwa Zaire, hospitali ya Bwamanda, kaskazini-magharibi, ilianzisha bima ya kulazwa, na mchango ulikusanywa mara moja kwa mwaka, majira wakulima wameuza mazao. Baada ya miaka michache zaidi ya nusu ya watu wa eneo lile walikuwa wamejiunga, ingawa fedha ya nchi ilikuwa ikiporomoka. Kwa hiyo tumeacha kudai kila mwezi. Wazee watapita nyumba kwa nyumba mahindi yakishauzwa, na watapita wawili wawili wa lugha tofauti, kwa sababu manung'uniko ya wajane katika Matendo 6 yalianzia kwenye lugha, na mfuko ukisikika kuwa wa kabila fulani, umekufa. Wajane na wazee wasio na shamba wamekwisha kuandikwa. Michango yao itatoka katika sadaka ya Jumapili ya kwanza. Ambao bado hatujapatana nao ni vijana wasiooa. Wanasema wao hawaugui.