Kilichoungua Si Mkosaji

Mwaka wangu wa tatu katika ufundi wa umeme wa magari nilibadilisha solenoidi ya stata ya lori moja mara mbili ndani ya wiki mbili, na mara zote mbili nililipwa. Gharama ya mara ya tatu ililipwa na mtu mwingine, kwa mguu wake. Nasimulia kisa hiki kwa vijana wanaoingia gereji leo, kwa sababu kosa nililolifanya mimi bado linafanywa kila siku.

Gereji yetu ilikuwa Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, pale njia zinapogawanyika: moja inakwenda Kibondo na Kigoma, nyingine inarudi Kahama, nyingine inapita Lusahunga, Nyakahura na Benako hadi mpakani Rusumo. Malori hayakauki pale. Wenye umri wa kukumbuka wanajua kwamba kuna wakati magari yalikuwa yakisindikizwa na askari katika mapori ya Biharamulo na Ngara kwa sababu ya majambazi. Dereva wa njia ile alijifunza kwamba gari lisilowaka si usumbufu tu, ni hatari. Kwa hiyo stata ikianza kusumbua, haombi. Anadai itengenezwe leo hii.

Siku hiyo, yapata saa saba mchana, jua kali, aliingia dereva mtu mzima na lori kuukuu la kubebea ndizi. Nilimwamkia.

“Marahaba, kijana wangu,” akajibu. “Lori linanitesa. Wiki nzima nikilala Ngara, asubuhi nikipiga stata inalia tak, halafu kimya. Jua likipanda inawaka kama haijawahi kuumwa. Leo ndiyo imekataa kabisa, wamenisukuma.”

Ugonjwa wote ulikuwa ndani ya maneno hayo. Mimi niliyasikia nikayapita. Nilifungua stata, nikanusa solenoidi, nikakuta harufu ya koili iliyoungua na vanishi iliyogeuka nyeusi. Nikajiona nimemaliza. “Solenoidi imekufa, mzee.” Nikafunga nyingine ya mtumba, nikapiga stata pale pale juani, injini ikanguruma. Mzee akalipa, akaondoka akinishukuru.

Baada ya siku sita alirudi. Koili imeungua tena. Safari hii nililaumu spea. “Mitumba hii haiaminiki, mzee. Tuagize mpya.” Ikaja mpya kutoka Kahama. Nikaifunga mchana, nikaijaribu mchana, ikawaka mchana.

Ulikuwa mwezi Juni, na Ngara mjini iko juu ya vilima. Alfajiri za Juni pale zina ukungu na baridi inayoingia kwenye mifupa. Mzee alikuwa ameegesha lori mlimani, kichwa kikitazama juu, gia ya kwanza ndani na jiwe nyuma ya tairi. Asubuhi alipiga stata: tak, kimya. Akapiga tena: kimya. Alipokwenda kutafuta msaada, utingo wake, kijana wa pale pale Ngara, aliingia uvunguni na spana kufanya kile alichoona mafundi wengi wakikifanya: kuunganisha boliti kubwa ya waya wa betri na terminali ndogo ya solenoidi, ili umeme usipitie kwenye swichi. Aligusa mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu stata ikashika. Injini ikawaka na gia ikiwa ndani, lori likaruka mbele. Mbele hapakuwa na jiwe. Tairi la nyuma lilipita juu ya mguu wake kabla hajajivuta nje, lori likaenda kusimama kwenye ukingo wa barabara. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alipona, lakini anachechemea hadi leo.

Lori lilipovutwa hadi Nyakanazi, fundi mkuu hakunigombeza. Alinifanya nifungue stata mwenyewe, akasema, “Iache nje usiku kucha.” Alfajiri aliniita. Stata ilikuwa juu ya zege, ina umande. “Isukume bendeksi kwa kidole.” Nikaisukuma gia hiyo ndogo ya stata. Haikusogea. Nikatumia gumba, ikasogea nusu ikakwama, kama kijiko kwenye ugali uliolala. Grisi ya zamani kwenye shafti ilikuwa imechanganyika na unga wa klachi na vumbi jekundu la barabarani, ikawa kama lami. Saa sita mchana aliniita tena. Grisi ilikuwa imelainika kwa jua, na bendeksi ikateleza vizuri kwenda na kurudi.

Akaniuliza swali moja: “Koili haikujiunguza yenyewe. Nani aliiunguza?”

Jibu lake ndilo kila fundi wa umeme wa magari anapaswa kulijua kama anavyolijua jina lake. Ndani ya solenoidi ya stata kuna koili mbili. Moja ni ya kuvuta: inakula umeme mwingi, ina nguvu, na kazi yake ni ya kufumba na kufumbua. Nyingine ni ya kushikilia: inakula kidogo na inaweza kukaa muda mrefu zaidi. Ukizungusha ufunguo, zote mbili zinavuta chuma cha kati. Chuma kinasukuma bendeksi kwenye meno ya flaiwili, na mwisho wa safari yake kinagandisha sahani ya shaba kwenye boliti mbili kubwa. Hapo mota inazunguka, na papo hapo koili ya kuvuta inanyimwa umeme, kwa sababu ncha zake zote mbili sasa zina volti ile ile. Inapumzika.

Lakini chuma kisipofika mwisho wa safari, sahani haigusi na koili ya kuvuta haipumziki. Dereva anang'ang'ania ufunguo, koili inapata moto, vanishi inayeyuka, nyuzi zinagusana. Grisi iliyoganda ilikuwa inakizuia chuma kufika. Mimi nilikuwa nikimzika marehemu na kumwacha muuaji ndani ya nyumba, kisha namleta mwingine akae naye.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kanuni hii haiko kwenye malori tu. Kuna mchezo wa Marekani uitwao pinboli: gololi ya chuma inateremka kwenye ubao ulioinama chini ya kioo, na mchezaji anairudisha juu kwa vikono viwili vinavyorushwa na koili. Kampuni ya Gottlieb ndiyo iliyotoa mashine ya kwanza yenye vikono vya umeme, Humpty Dumpty, mwaka 1947. Katika mashine nyingi za zamani koili ya kikono ina nyuzi za aina mbili, za kurusha na za kushikilia, na kuna swichi ndogo inayofunguka kikono kinapofika mwisho wa safari ili kupunguza umeme. Swichi ikichafuka, kikono kinalegea. Ikikataa kufunguka, au kikono kikikwama njiani kwa uchafu au bushi iliyoliwa, koili inaungua mchezaji akishikilia kitufe. Anayeweka koili mpya bila kuangalia swichi na bushi ataiweka tena. Mchezo wa kule na lori la ndizi la huku vinatoa somo moja.

Basi nayaweka hapa ninayoyafanya sasa, kwa mpangilio wake.

Kwanza nauliza: inagoma lini? Asubuhi au mchana, injini ikiwa baridi au moto, baada ya mvua au baada ya kuosha gari? Kisha naijaribu katika hali ile ile. Gari linalogoma alfajiri halipimwi saa saba mchana.

Pili, nasikiliza. Tak moja kisha kimya, na taa zinabaki na mwanga wake: natazama sahani ya shaba, kaboni na bendeksi. Tak-tak-tak mfululizo, na taa zinafifia: natazama betri, terminali zake na waya wa athi. Kama taa hazififii, huenda koili ya kushikilia imekatika. Mota ikizunguka bila kugeuza injini, bendeksi au meno ya flaiwili yameisha.

Tatu, napima. Betri mbili za lori la volti 24, zikiwa zimejaa na zimepumzika, hutoa takribani volti 25. Naweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi la stata, mtu akipiga stata. Ikizidi nusu volti, athi ni mbaya, na solenoidi mpya haitaisaidia.

Nne, nikifungua stata, natangulia kutoa waya wa hasi kwenye betri. Nasafisha shafti hadi ing'ae na kupaka grisi nyepesi, kidogo tu. Bendeksi naifuta kwa kitambaa. Siitumbukizi kwenye petroli, kwa maana petroli inaosha grisi iliyofungiwa ndani ya klachi yake na kuiua. Bushi zikicheza nabadilisha. Solenoidi haifungwi mpaka bendeksi iteleze kwa kidole kimoja, stata ikiwa ya baridi.

Tano, namwambia dereva: usipige stata zaidi ya sekunde kumi, halafu ipumzishe kabla ya kurudia. Na utingo asiingie uvunguni kugusanisha terminali hata kama safari imechelewa. Atakayelazimika kupima pale chini ahakikishe gia iko huru, breki imekaza, na kuna jiwe mbele na nyuma ya tairi.

Mpaka leo sijalisahau deni la yule kijana. Mzee alinipa jibu siku ya kwanza kabla sijashika spana: asubuhi inagoma, jua likipanda inawaka. Kijana mwenzangu wa gereji, mteja akianza kusimulia ugonjwa wa gari lake, weka spana chini umsikilize hadi mwisho. Na ukikuta kitu kimeungua, usikitupe kabla hujajua kilichokiunguza.