Sombe ya Ijumaa na Mchuzi wa Nyama

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa, ikachemshwa muda mrefu kuondoa sumu ya muhogo, kisha hutiwa mawese na vitunguu. Kwa Wakatoliki wa huko, Ijumaa ya Kwaresima huleta swali: je, sombe iliyopikwa kwa supu ya mifupa, isiyo na hata kipande cha nyama, inavunja katazo la kula nyama siku hiyo? Sheria ya Kanisa ya 1917 ilikataza nyama na supu yake pia. Mwaka 1966, hati ya Papa Paulo VI, *Paenitemini*, haikuitaja tena supu. Kwa maandishi, basi, inaruhusiwa. Lakini toba ni kujinyima, na hapo maandishi hayatoshi hata kidogo: sombe ya samaki, halali kabisa, yaweza kunoga kuliko nyama, na anayeila kwa anasa hajajinyima chochote.