Dinari Mbili za Kiriri

Wapendwa wa Kiriri hapa Bujumbura, kuta zenu ni ndefu na walinzi wenu hawasinzii. Hebu niambieni, ukuta umezuia nini? Bia imepita getini kwa kreti, ikapokelewa kwa heshima, maana kwetu Burundi mahari haipokelewi wala matanga hayaondolewi bila kinywaji. Na heroini, ile vijana wanayoiita boost, imepita mfukoni mwa mwanenu mwenyewe. Msisingizie mtaa wa Buyenzi! Msisingizie mtaa wa Bwiza!

Mlipojua, mlifanya nini? Mkamfungia chumba cha uani, mkawaambia wageni yuko masomoni Ulaya. Kisha usiku mnaniita nije kumwombea. Nitakuja, na nitaomba. Lakini kwa jina la Bwana, fungueni mlango huo! Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatiwa pombe ghafla, hutetemeka, huona yasiyokuwepo, anaweza kushikwa na degedege akafa. Mfungo wa siku tatu bila daktari unaweza kumwua tunayedai kumwokoa. Na wa heroini, akikaa majuma bila kuigusa, mwili husahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika.

Yule Msamaria wa Luka 10 hakumhoji majeruhi. Alimtia mafuta na divai kwenye vidonda (naam, divai, na hapo ilikuwa dawa), akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Kuhani alikuwa amepita kando. Sisi wachungaji tusome hapo polepole.

Pa kumpeleka papo! Kamenge, kaskazini mwa mji huu huu, ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mabruda wa Upendo, na walionaswa na ulevi hutibiwa humo. Mnaogopa atasemwa kichaa? Na asemwe! Na kwa walionaswa na heroini, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya hiyo heroini, mwaka 2011: mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Tiba hii si kazi ya juma moja. Akianguka, mrudisheni. Akianguka tena, mrudisheni tena.

Magari mnayo. Teremkeni naye hadi Kamenge mchana kweupe, vioo vikiwa vimeshushwa. Na mkiwa na harusi Jumamosi, wekeni fanta na maji meza kuu, asipatikane mtu wa kumwuliza kijana mbona hanywi.