Namba Moja ya Nani?

Mwaka 2011 nilikuwa bado shuleni. Kwenye sherehe ya kumuaga binamu yangu anayeolewa, DJ akaweka On the Floor ya Jennifer Lopez na Pitbull. Vijana wote tukaingia katikati. Ghafla namwona mama yangu, ambaye kwa kawaida hukaa pembeni na wenzake wakisubiri pilau, ameinuka kitini na ananengua namna ambayo mtoto hapendi kumwona mama yake akinengua. Nikamfuata kwa aibu.

"Mama, huu wimbo umeujulia wapi?"

Akacheka. "Wimbo wa huyo dada? Hii ni lambada, mwanangu. Sisi tumeicheza kabla hujazaliwa."

Sikumwamini. Nilipokuja kuchunguza nikakuta mama anasema kweli, ila na yeye alikuwa amefika nusu ya njia tu.

Hebu tuufuate wimbo wenyewe, ndugu msomaji. Lambada ya kundi la Kaoma ilitoka Ufaransa mwaka 1989. Ilikaa namba moja kwenye chati za huko wiki 12, ikashika namba moja katika nchi nyingine kadhaa za Ulaya, na hata Uingereza, ambako si kawaida wimbo wa Kireno kuvuma, ilipanda mpaka namba 4. Mwimbaji wake, Loalwa Braz, alikuwa Mbrazili. Ndani ya kundi alikuwamo pia Fania, dada wa Kisenegali. Kwenye video kuna ufuko wa bahari, sketi zinazopepea, na watoto wawili wanaocheza vizuri kuliko wakubwa. Na kwenye santuri, mahali pa jina la mtunzi, iliandikwa Chico de Oliveira.

Kumbe Chico de Oliveira hakuwepo duniani. Lilikuwa jina la bandia la Olivier Lorsac, Mfaransa mmoja kati ya watayarishaji wa kundi. Tuni ile ilikuwa imetungwa Bolivia na ndugu wawili, Gonzalo na Ulises Hermosa, wa kundi la Los Kjarkas, nao walishairekodi mwaka 1981 kwa filimbi na vigitaa vya watu wa milimani. Waliuita Llorando se fue, yaani Aliondoka Akilia. Ukiusikiliza ule wa kwanza utashangaa. Ni wimbo wa majonzi, unakwenda polepole, hauna bahari wala sketi. Machozi ya mtu yakageuzwa dansi la ufukweni, na hilo peke yake si dhambi. Muziki ndivyo unavyosafiri. Dhambi iko kwenye lile jina.

Wenye wimbo walidai haki yao, mambo yakafika kwa wanasheria, na mwisho ndugu wa Hermosa wakatambuliwa na wakalipwa.

Niliposimulia habari hii kwenye kikundi chetu cha waandishi, jamaa mmoja akanikata: "Sasa unalia nini? Mali imerudi, kesi imekwisha." Swali lake limenisumbua mwaka mzima. Je, ni kweli kwamba sifa ni mali kama mali nyingine, ukiibiwa ukarudishiwa mmekwishana?

Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni ile namba moja yenyewe. Baiskeli yangu ukiiiba Januari ukairudisha Juni, baiskeli ni ileile, labda tairi limeisha kidogo. Lakini namba moja ni kitu cha wiki. Chati inatangazwa, watu wanataja jina, msichana fulani anamuuliza mwenzake nani kaimba hii, jina linaingia moyoni na kubaki humo. Wiki inayofuata inakuja nyingine. Zile wiki 12 za Ufaransa zilitumika zote na mtu ambaye hayupo. Mahakama ina uwezo wa kuhamisha fedha kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule. Haina uwezo wa kuwaita wale wacheza dansi warudi ukumbini, wakiwa na umri uleule, waambiwe jina la kweli. Na Ulises Hermosa alifariki mwaka 1992, miaka mitatu tu baada ya dunia nzima kucheza tuni yake.

Jamaa yangu hakukubali. Alikuja na hoja nyingine, na hii ina nguvu zaidi. Eti bila wale Wafaransa, nani huku kwetu angeisikia tuni ya Bolivia? Mama yako angenengua nini? Mwizi ndiye aliyeufikisha wimbo.

Hapa nataka kwenda taratibu, maana hoja hii ndiyo tunayojificha nyuma yake sote. Mwaka 1986, miaka mitatu kabla ya Kaoma, mwimbaji wa Brazil aitwaye Márcia Ferreira aliimba wimbo huohuo kwa Kireno, kwa ruhusa ya wenyewe. Kwa hiyo mlango ulikuwepo, ukibisha unafunguliwa. Nakubali kwamba Márcia hakuivuruga Ulaya kama Kaoma walivyoivuruga. Hakuwa na televisheni ya Ufaransa nyuma yake ikirusha wimbo ule kiangazi kizima. Wezi walikuwa na gari kubwa, na mkweli alikuwa anatembea kwa miguu. Lakini jamani, kuwa na gari hakukupi ruhusa ya kupakia mzigo wa mtu bila kumwambia! Wangeweza kuwa na televisheni yao, na ufuko wao, na bado wakaandika Hermosa pale walipoandika Chico. Wimbo usingepungua hata noti moja.

Ushahidi ni ule wimbo wa sherehe ya binamu yangu. On the Floor ilishika namba moja Uingereza, Kanada, Ujerumani na Australia, na katika orodha ya watunzi wake wamo Gonzalo Hermosa na Ulises Hermosa. Tuni moja, mara mbili kileleni katika nchi nyingi, mara ya kwanza kwa jina la uongo, mara ya pili kwa majina ya kweli. Ila mara ya pili mmoja wao alikuwa marehemu kwa miaka 19.

Kuhusu Loalwa Braz, aliyeuawa kwao Brazil mwaka 2017, mimi simlaumu. Sauti ile ilikuwa yake kweli. Wala simlaumu mama. Mtu hawezi kudaiwa asichokijua. Kazi ipo siku ukishajua.

Na mimi najua. Ndiyo maana naandika.

Mwaka juzi nilisoma shairi mbele ya kikundi. Mistari mingi ilikuwa ya kawaida, siyo siri, lakini mmoja uliwainua watu: "Aliacha viatu, akachukua safari." Walipiga makofi, wakaniomba niurudie, na baadaye shairi likachapwa kwenye jarida dogo kama hili, jina langu juu. Mstari ule si wangu. Ni wa mama anayekaanga vitumbua mtaani kwetu. Asubuhi moja nilimuuliza habari za mumewe, akageuza kitumbua, akajibu hivyo, bila hata kuniangalia.

Tangu siku ile, nikinunua vitumbua namwachia chenji. Nilijiambia huo ni wema. Baada ya kuisoma habari ya Hermosa nikatambua nilikuwa nafanya nini: nilikuwa nalipa fidia kimyakimya, mia mbili mia mbili, ili nisiseme.

Wiki iliyopita nikamwambia. Nilimwonyesha ukurasa, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Na walifurahi?"

"Walifurahi sana, mama. Walipiga makofi."

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi. Jioni."

Akafikiri kidogo. "Jumamosi jioni nilikuwa nyumbani hapo nyuma," akasema, "naloweka mchele."

Akanifungia vitumbua vyangu vinne kwenye gazeti. Safari hii chenji akanihesabia yote mkononi, na mimi nikaipokea.