Amana ya Anayemsafishia Kitabu Asiyeona



Kuna suala lililotukuta katika darsa letu la hapa Miritini, nasi tumeona si haki kulimaliza baina yetu faraghani, kwa kuwa latuhusu sisi kwa kosa tulilolitenda, na lawahusu wote washikao kazi kama yetu. Suala lenyewe ni hili: mtu anayemsafishia kitabu nduguye asiyeona, mpaka wake ni upi? Ana ruhusa ya kusahihisha nini, na ni kipi kisichokuwa halali yake kukigusa?

Kwanza tuieleze kazi. Katika darsa letu mna mzee mmoja aliyekuwa msomaji mkubwa wa vitabu kabla ya maradhi kumwondolea nuru ya macho. Leo husoma kwa masikio. Simu yake humtamkia maandishi yaliyowekwa ndani yake. Lakini vitabu vyetu vya Kiswahili, khasa vya zamani, vingi viko katika karatasi tu. Basi vijana wetu huvipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, kisha programu ya kompyuta huigeuza picha kuwa maandishi. Na programu hiyo haielewi isomacho; yakisia maumbo ya herufi. Ikiona m iliyofifia huiandika r na n. Ikiona l huenda ikaandika tarakimu ya 1, na simu ikamsomea mzee “ku moja a” mahali palipoandikwa “kula”. Kialama cha ng' hupotea, na kung'oa, ambako ni kutoa kitu na mizizi yake, kukageuka ngoa, ambayo ni wivu na tamaa. Maneno ya Kiarabu yaliyopigwa chapa kwa herufi zake hutoka vipande visivyo na maana. Shairi lililopangwa ukwapi upande mmoja na utao upande wa pili, mashine huteremka na ukwapi wote mpaka chini, ndipo irudi juu kuuanza utao, na vina vyote vikaharibika. Na anwani ya mlango, ambayo hurudiwa juu ya kila ukurasa pamoja na nambari, huingia katikati ya sentensi kama mtu akatizaye mazungumzo ya wakubwa.

Asiyeijua kazi hii atasema: hayo ni makosa madogo, msikilizaji atafahamu tu. Twamjibu kwa mfano. Chukua ukurasa unaoishia na maneno “Wala usi-”, na ukurasa wa pili ukaanza “mdhulumu yatima”. Baina yake pana anwani na nambari. Kijana mwenye haraka akifuta takataka ile, akafuta na kile kipande cha neno kilicho juu yake, kinachobaki ni “mdhulumu yatima”. Katazo limekuwa amri! Mwenye macho akishuku hufungua kitabu chenyewe akatazama. Asiyeona atatazama nini?

Wala msiba huu haukuanza na kompyuta. Wanavyuoni wa Hadithi waliujua karne nyingi kabla yetu, wakauita tas-hifu, nao ni kulisoma neno sivyo kwa kufanana herufi zake. Wametaja kisa cha Ibn Lahia, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 wa Hijra. Khabari iliyosema kwamba Mtume (S.A.W.) alijitengea mahali msikitini kwa kizuizi, yeye aliipokea kuwa alipiga chuku msikitini, maneno mawili ya Kiarabu yanayokaribiana kwa sura. Wakaeleza na sababu, kwamba aliitoa katika maandishi bila ya kuisikia kwa mwalimu. Na Abu Bakr as-Suli, ambaye alikuwa mwanachuoni mkubwa wa adabu, aliisoma Hadithi ya kufunga siku sita za Shawwal akasema “kitu katika Shawwal”, kwa nukta zilizomchanganya baina ya sitta na shay-a. Ikiwa mtu kama huyo alipotezwa na nukta, mashine isiyojua lugha haiwezi kuaminiwa peke yake. Ndiyo maana wazee wale wakashurutisha muqabala, yaani nakala isomwe na kulinganishwa na asili yake, na isiyolinganishwa hawakuitegemea.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Kitabu kimoja tulichomsafishia mzee wetu mlikuwa na ukurasa mzima unaosifu ada moja ambayo sisi katika darsa twaipinga, na tumeisemea mara nyingi. Kijana aliyekuwa akisafisha alituuliza afanyeje. Tulimwambia: uache, hauna faida, mzee asije akababaishwa. Basi ukafutwa ukurasa ule pamoja na anwani na nambari zake, na sentensi za mbele na nyuma zikaungwa vizuri hata pasionekane mshono. Wiki ya pili, baada ya sala ya Isha, mzee alitwambia: “Masheikh, kitabu hiki nilikisoma nilipokuwa na macho. Hapa palikuwa na maneno mengine. Mmeyapeleka wapi?”

Hatukuwa na jawabu. Malori ya Nairobi yalikuwa yakipita barabarani, nasi tulifurahi kwa kelele zake, maana zilitufichia kimya chetu.

Tulipofikiri tuliona kwamba tulifanya dhulma tatu kwa mara moja. Tulimdhulumu mwandishi, kwa kuwa tulimsemesha asivyosema, na kumnyamazisha ni namna ya kumsemesha. Tulimdhulumu kijana, kwa kuwa tulimfundisha kuwa khiana ikiwa na nia njema huitwa islahi. Na dhulma kubwa zaidi ni ya yule mzee. Qur'ani imewaonya vikali wale wapunjao katika vipimo na mizani. Na ni upunjaji gani ulio mbaya kuliko wa kumpimia mtu asiyeweza kuiona mizani yenyewe? Mwenye duka akimpunja kipofu, watu wote wa mtaani watamlaani. Sisi tulimpunja kipofu elimu, tukajiona tumemhurumia.

Huenda mtu akasema: je, si wajibu wetu kumkinga nduguye na maneno yenye dhara? Twasema: kumkinga mtu kwa hoja ni nasaha, kumkinga kwa kumficha ni kumfanya mtoto. Mzee huyu hakupotewa na akili. Amepotewa na macho. Tukumbuke kwamba Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, naye hakuja kuomba sadaka. Alikuja kutaka elimu. Na baadaye alikuwa mwadhini, na Mtume (S.A.W.) akamwachia Madina alipokuwa safarini. Huyo si mtu wa kuchaguliwa la kusikia na lisilosikiwa.

Na anayetaka kupinga, njia ipo. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alipotaka kuwatengeneza watu hapa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akasema yake kwa jina lake. Kalamu ya mtu ni yake. Kitabu cha mwenziwe si chake.

Hata sheria za watu zimeliona jambo hili. Umoja wa Vipofu wa Dunia umekuwa ukilalamika kwamba vitabu vinavyopatikana kwa namna wawezayo kuvisoma wasioona ni chini ya asilimia 10 ya vinavyopigwa chapa. Kwa ajili hiyo ulifanywa Mkataba wa Marrakesh tarehe 27 Juni 2013, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 30 Septemba 2016. Kenya iliingia mwaka 2017. Mkataba huo umewaruhusu asiyeona, au mtu anayemsaidia, na taasisi zilizoidhinishwa, kukitengeneza kitabu namna ya kusomeka bila ya kumwomba ruhusa mwenye haki yake. Lakini taasisi hizo zimewekewa sharti, kwamba zisibadilishe ila kile kinachohitajika ili kitabu kisomeke. Ajabu ni kwamba sisi, tulio na Ibn as-Salah na Kadhi Iyadh katika makabati yetu, tulihitaji kukumbushwa. Kwani hao wametueleza kwamba desturi ya masheikh wengi, wakikuta kosa katika kitabu walichokipokea, ni kuliacha kama lilivyo, wakatia alama juu yake, na lililo sawa wakaliandika pambizoni.

Basi darsa letu limekubaliana haya, nasi twawanasihi wengine:

Kwanza, kosa la mashine na lisahihishwe lote, bila ya huruma. Hilo halikutoka kwa mwandishi, na kuliacha ni kumzulia.

Pili, kosa la mwandishi au la mpiga chapa lisiguswe. Likihitaji kuelezwa, lielezwe mwisho wa mlango, na isemwe wazi kuwa maelezo ni ya msafishaji.

Tatu, anwani zinazorudiwa ziondolewe katikati ya maneno, lakini kichwa cha kila mlango kitiwe alama yake ya kichwa, ili simu iweze kumrukisha msikilizaji kutoka mlango hadi mlango kama kidole cha mwenye macho. Na nambari za kurasa zisitupwe; ziwekwe mahali zisipokata sentensi, ili mwanafunzi asiyeona naye aweze kusema darasani: neno hili li ukurasa fulani.

Nne, kila kitabu kisomwe na watu wawili, mmoja ameshika asili na mwengine nakala. Hiyo ndiyo muqabala.

Tano, palipopotea neno kwa karatasi kuliwa na mchwa, iandikwe kuwa pamepotea neno. Asikisie mtu akanyamaza.

Ukurasa tulioufuta tumeurudisha mahali pake. Mzee wetu aliusikiliza wote mbele yetu, akatikisa kichwa, akasema kwamba yeye pia hakubaliani nao, na hakukubaliana nao tangu alipousoma mara ya kwanza, ila alitaka aukatae mwenyewe. Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Twamwomba Mwenyezi Mungu naye atusamehe, na awalipe kheri vijana wakeshao juu ya kazi hii isiyoonekana na watu.

Wabillahi tawfiq.